Tor na Arti: maoni ya fundi wa Katuba aliyechoka na "toleo lako ni la zamani"

Kuna mama mmoja anauzaka vitenge ku soko ya Kenya, alikuja mu ka-sekretaria kangu hapa Katuba na telefone yake ya Android, kioo kimepasuka upande mmoja lakini bado inapiga kazi, akaiweka juu ya meza katikati ya fotokopi za watu akasema: "Mudogo, hii kitunguu yangu tangu banipatia haiyaingia ata siku moja, inazungukaka paka vile." Kitunguu ni Orbot, programu inayoipitisha telefone ya Android mu mtandao wa Tor. Alipewa na mtoto wa dada yake kwa Xender mwanzoni mwa Februari 2025, wakati X na TikTok zilifungwa na kila mtu mu Lubumbashi alikuwa anatafuta njia ya kupita nyuma ya nyumba. Yule mtoto naye alipewa na rafiki yake wa chuo, rafiki alipewa na nani sijui, faili imetembea mkono kwa mkono kama noti ya faranga mia tano mpaka rangi imetoka. Kuangalia toleo lake, la mwaka 2018.

Nikafungua logi, daftari ambamo programu inaandika kila inachofanya. Hapo njo penye habari yenyewe. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, nikamtafsiria: kuna protokoli (kanuni ya mashine kuongea na mwenzake) ambayo mtandao unaidai kwa lazima na programu hii haiijui, haitafanya kazi, weka mpya. Na ikataja protokoli inayokosekana kwa jina na kwa namba. Nikacheka peke yangu ju asubuhi ile ile programu ya benki moja (jina naliacha, tusitafutiane maneno) ilinifukuza mlangoni na sentensi moja, toleo lako ni la zamani, sasisha, basi, hakuna kingine. Nikanunua megas za intaneti, nikangoja nusu saa, nikaweka hilo toleo jipya na kitu pekee nilichoona kimebadilika ni rangi ya kibonyezo cha kutuma pesa. Hawakuniambia nilikosa nini. Labda sikukosa kitu.

Kwa hiyo maoni haya si ya Tor yote, watu wameshaandika sana kama inaficha vizuri ao haifichi. Mimi nataka kusifu na kulaumu kitu kimoja chenye watu hawaangaliaka, vile inashughulika na matoleo ya protokoli, na kazi waliyofanya ya kupanga upya kode ya hiyo sehemu. Kwetu hapa, na telefone za okazyo, zilizotumika na wengine, na faili za Xender, hiyo sehemu njo inaamua kama utaingia ao utabaki nje.

Kwa asiyeijua: Tor inachukua mawasiliano yako inayapitisha kwenye mashine tatu za watu wanaojitolea, tuziite rilei, na hakuna hata moja inayojua mwanzo na mwisho kwa pamoja. Rilei ziko maelfu duniani. Kila saa mashine chache za wasimamizi, hazifiki kumi, zinapiga kura na kutoa karatasi moja ya makubaliano: rilei zipi ziko hai, zinajua nini, na programu za watumiaji zinatakiwa kujua nini. Telefone yako inachukua hiyo karatasi kwanza, ndiyo inaanza safari.

Sasa zamani walikuwa wanafanya kama benki yangu. Programu ilikuwa inasoma namba ya toleo la rilei, mfano kama ni 0.2.4.8 kwenda juu basi inaelewa ujumbe mpya wa kurefusha njia, kama iko chini haielewi. Ni sawa na kumuuliza mwashi umezaliwa mwaka gani halafu ukakisia kama anajua kupanga karo za sakafu. Anaweza kuwa mzee na anajua, anaweza kuwa kijana na hajui, na kama ametoka ngambo ya Zambia na anahesabu kazi yake kwa namna nyingine hutajua hata uanzie wapi kumpima. Mwaka 2016, kwenye matoleo ya 0.2.9, wakaacha hiyo tabia. Kila rilei ikaanza kutangaza yenyewe orodha ya kazi inazojua: Link fulani mpaka fulani, Relay fulani, HSIntro, Microdesc, DirCache, kila kazi na namba zake. Unamuuliza mwashi unajua nini, anakujibu, mnaanza.

Halafu karatasi ya makubaliano ikawekewa mistari ya aina mbili: protokoli zinazopendekezwa na protokoli za lazima, kwa rilei na kwa watumiaji. Watu wa Congo hii tunaielewa bila mwalimu ju tumeishi na dola. Dola ya kichwa kidogo, ya zamani, Marekani kwenyewe bado ni pesa halali, lakini nenda nayo ku soko hapa uone. Ile yenye kuwa na alama ndogo ya kalamu, muuzaji anaigeuza, anaiangalia kwenye jua, ananung'unika lakini anapokea: hiyo ni kukosa kinachopendekezwa, Tor inakuonya na kazi inaendelea. Ile iliyochanika kidogo pembeni, hata milimita mbili, anakurudishia bila kukuangalia usoni: hiyo ni kukosa cha lazima, programu inajizima. Tofauti na muuzaji wa dola ni kwamba Tor inakuonyesha ni wapi imechanika.

Na mashine mbili zinapokutana zinasalimiana kwanza. Kila moja inataja namba za Link inazojua na wanachukua ile kubwa wanayoshirikiana, kama vile mu taksi mmoja anajua Kibemba na Kiswahili, mwingine Tshiluba na Kiswahili na Kifaransa kidogo, hakuna mkutano, mnajikuta tu mu Kiswahili.

Namba zenyewe zina maana ya pesa, msizione kama mambo ya wasomi. DirCache=2 maana yake rilei inajua kukupa tofauti tu kati ya karatasi ya jana na ya leo, si karatasi nzima tena. Hiyo iliingia na matoleo ya 0.3.1 mwaka 2017 na kwa mtu anayenunua megas za siku kwa siku ni kitu kikubwa kuliko picha nzuri za programu. FlowCtrl=2 ni udhibiti mpya wa msongamano, ulikuja na 0.4.7 mwaka 2022, na mimi niliusikia kwenye mwendo wa kurasa kabla sijausoma popote. Conflux, ya 0.4.8 mwaka 2023, inagawa mzigo wako kwenye njia mbili. Yote hayo yameingizwa bila siku moja kusema jamani wote zimeni tuanze upya, ya zamani na mpya zinaishi nyumba moja na kila moja inajua ya mwenzake mpaka wapi.

Ila kuongeza ni rahisi. Kutoa njo vita.

Sikilizeni hii ju niliisoma mara tatu kabla ya kuielewa. Sema protokoli fulani ya zamani iko kwenye orodha ya lazima. Wajenzi wanaamua kuifuta, imechoka, ufunguo wake ni dhaifu. Wanatoa toleo jipya lisiloijua tena, na wasimamizi wanaitoa kwenye orodha. Vizuri. Lakini programu hiyo mpya ikikutana na karatasi ya makubaliano ya zamani, iliyobaki kwenye diski tangu mwezi uliopita tuseme, karatasi inasema bado: hii ni lazima. Programu inajiangalia, haina, inajizima. Toleo jipya limekufa ju ni jipya! Kama mtu anayefukuzwa kwenye pambio kwa kukosa sare ambayo wameshaacha kuivaa. Dawa waliyopendekeza mwaka 2018 ni ndogo na mimi naiona ni ya akili sana: kila toleo linabeba tarehe yake ya kutoka, na linajizima tu kama karatasi inayodai ni ya baada ya tarehe hiyo. Karatasi iliyoandikwa kabla haujazaliwa haiwezi kukudai kitu. Mistari michache ya kode, lakini bila hiyo hakuna anayethubutu kufuta kitu chochote na nyumba inajaa viti vilivyovunjika.

Kuna viti walivyotoa kwa nguvu pia. Anwani za onion, zile za tovuti zilizofichwa ndani ya Tor, za aina ya pili, zile fupi za herufi 16, walitangaza mapema, wakazitoa kwenye kode Julai 2021, na Oktoba ya mwaka huo matoleo mapya ya watumiaji yakaacha kuzifungua. Sasa ni zile ndefu za herufi 56 tu. Bado kuna watu wananiletea karatasi ya daftari yenye anwani ya herufi 16 iliyoandikwa na bic, wanasema fundi hii haifunguke. Yaya, hiyo haitafunguka tena, hata ukinunua telefone ya dola elfu moja.

Na kuna kosa lililonifanya niiheshimu hii kazi zaidi. Zile namba zinaandikwa kama fungu, kuanzia hii mpaka ile, na mwanzoni hakuna aliyeweka mpaka wa maana. Mtu mwenye roho mbaya angeweza kutunga mstari wa protokoli kwa hila, mashine ya msimamizi inapoanza kuusoma inaufungua fungu lote mpaka RAM yake inaisha. Lilirekebishwa 2018, na kosa lilikuwa limekaa humo tangu 0.2.9, tangu siku kode hiyo ilipoanza. Halafu mwaka 2020 wakaja na pendekezo linaloonekana dogo: namba zote za matoleo ziishie 63. Basi, kuanzia 0 mpaka 63. Kwa nini 63? Ju ukiwa na nafasi 64 unaweza kuziweka zote kwenye namba moja ya biti 64, kila biti ni toleo moja, limewashwa ao limezimwa. Mafungu yote na uchambuzi wa maandishi na hatari ya kujaza kumbukumbu vinageuka kuwa kulinganisha namba mbili, kitu ambacho hata telefone ya yule mama inafanya bila kupata moto. Nani atafikisha matoleo 63 ya Link? Toka mwanzo mpaka leo wako kwenye 5.

Nikuje kwa Arti sasa. Arti ni Tor ileile wanaiandika upya kwa lugha ya Rust, ya zamani iko kwa C, toleo 1.0.0 lilitoka Septemba 2022. Mimi naiendesha kwenye laptop yangu ya kazi, mashine ya okazyo yenye RAM ya jiga 4, na usiku courant (umeme) ikirudi njo ninasomaka kode yake, wengine wanaangalia mpira wa Mazembe mimi ninasoma kode, kila mtu na ugonjwa wake.

Mwanzoni sehemu ya matoleo mu Arti ilikuwa inafanya kazi lakini ilikuwa inauma macho. Sehemu hii inauliza, je rilei inajua Relay namba 2? Sehemu ile inauliza, je inajua FlowCtrl namba 2? Namba tupu, zimetawanyika, na wewe msomaji ukumbuke 2 ya hapa ni nini na 2 ya pale ni nini, kumbe hazina undugu hata kidogo, moja ni namna ya kurefusha njia na nyingine ni msongamano. Walipopanga upya wakazipa majina. Kila uwezo una jina lake, umeandikwa mahali pamoja, na ukikosea jina Rust inakataa kujenga programu, ukikosea namba hakuna aliyekuwa anakuambia kitu. Pili, orodha ya uwezo ikawa seti ya kweli, unaweza kuuliza kilichomo huku na hakimo kule, na jibu linarudi kama orodha unayoweza kumwonyesha mtu. Ile sentensi nzuri ya "unakosa hii na hii" inatoka hapo. Na tatu, hii njo nimeipenda kabisa, kila kipande cha programu kinasema chenyewe kinajua nini. Kipande cha kujenga njia kinatangaza cha kwake, kipande cha kusoma karatasi kinatangaza cha kwake, juu kabisa vinajumlishwa. Zamani ni mtu mmoja alikuwa anakumbuka kwa niaba ya wote, na mnajua yule mtu mmoja anayekumbukaka kwa niaba ya wote mu familia, siku akisafiri hakuna anayejua chumvi iko wapi.

Na kumbukeni ule mfano wa mwashi kutoka ngambo. Arti njo mwashi huyo. Inahesabu matoleo kivyake, 1.0, 1.1, 1.2, haina undugu na 0.4.8. Kama mtandao ungebaki unakisia kwa namba ya toleo, Arti ingefika mlangoni na hakuna angejua aiweke wapi. Waliifungulia mlango miaka kadhaa kabla haijazaliwa.

Malalamiko sasa, nayo si madogo.

La kwanza, ule ujumbe mzuri nilioutafsiri kwa mama wa vitenge ulikuwa ndani ya logi. NDANI YA LOGI. Mbele, yeye alikuwa anaona kitunguu kinazunguka. Nani mu soko ya Kenya anafungua logi? Kazi yote ile ya kujua kwa uhakika kinachokosekana, halafu unaificha mahali ambapo ni fundi tu anafika, na kwa Kiingereza, wakati huku fundi mwenyewe alisoma informatiki kwa Kifaransa. Hapo benki yangu inawashinda, inasikitisha kusema lakini ni kweli, walau yenyewe inakufukuza mbele ya watu.

La pili ni megas za mara ya kwanza. Kabla hujafungua ukurasa hata mmoja, programu inachukua karatasi nzima na maelezo ya rilei, ni megabaiti kadhaa, na kama courant inakatika na router inazima katikati unaanza kuomba. Baada ya hapo ile hesabu ya tofauti inakuokoa, lakini siku ya kwanza inaumiza.

Mwendo umekuwa bora, bado si wa kuangalia video. Tovuti nyingi zitakuuliza picha ipi ina gari ipi ina taa mpaka uchoke. Betri nayo inakwenda. Na tusidanganyane, ukiingia Facebook kwa jina lako la ubatizo ndani ya Tor, Facebook inakujua tu, kitunguu hakibadilishi uso.

Tena haisaidii kitu intaneti ikizimwa kabisa. Wale waliokuwa hapa mwisho wa 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa tarehe 31 Desemba na tukakaa karibu siku ishirini tunaangaliana. Siku zile hakuna rilei, hakuna protokoli, hakuna 2 wala 63. Hii ni ya siku wanafunga tovuti fulani na kuacha zingine, na wakianza kufunga Tor yenyewe njo unatumia madaraja, milango ya pembeni ya kuingia Tor: Snowflake ama obfs4 ama WebTunnel. Snowflake kwangu imepita vizuri zaidi, ila usiku wa manane tu, mchana inasinzia.

Alama zangu: kwa namna inavyoshughulika na matoleo, tano juu ya tano, sijaona programu nyingine kwenye telefone za wateja wangu inayojieleza vile. Kode ya Arti, nne na nusu, nusu nimeitoa ju maelezo yake bado yanamfikiria mtu aliyeishi humo ndani. Vile inavyomwambia mtumiaji wa kawaida kilichotokea, mbili, na ya pili ni huruma. Kuna Tor VPN ya Android pia imejengwa juu ya Arti, bado ni ya majaribio, nimeiweka kwenye telefone yangu ya pili na sitaiwekea mteja mpaka watoe hilo neno la majaribio.

Kwa wale watakaokuja: msiniletee tena ile faili ya Xender. Niko na Orbot mpya na brauza ya Tor kwenye flash, nimechukua kwa wenyewe na nimehakiki sahihi zake, kukuwekea ni dakika tano na silipishi megas. Mama wa vitenge nilimfutia ile ya 2018, nikamwekea mpya, ikaingia. Aliangalia, akafungua X, akasoma kidogo, akafunga, akaniuliza bei. Nikamwambia atoe faranga elfu mbili tu. Akanipa dola moja, nikaigeuza, nikaiangalia kwenye jua, pembeni imechanika.

"Aa mudogo," akasema, "na weye pia?"